Wimbo ndani ya gwanda: kwaya za Jeshi la Kisovieti na nyimbo za Kiukraine, uanze na santuri ipi?

Baba yangu mdogo alisomea uhandisi Kharkiv, mji wa Ukraine, akarudi Tanga mwaka 1976 na koti zito ambalo hakulivaa tena maishani mwake, kamusi nene ya Kirusi, na santuri tisa alizozifunga kwenye shuka. Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kanisani, alikuwa anaweka moja kwenye gramafoni. Bibi akitokea jikoni anasema, "Haya, askari wako wameshaamka." Sauti za wanaume zinajaa nyumba mpaka vikombe vinagongana kabatini. Miaka yote ile nilijua ni nyimbo za Warusi. Nilipokuja kujifunza kusoma herufi zao ndipo nikaona kwenye lebo, chini ya jina la wimbo, vifupisho vidogo: укр. нар. песня. Maana yake ni wimbo wa asili wa Kiukraine.

"Kwani wewe ulidhani nini?" baba mdogo aliniuliza. "Hizo tuliziimba na wenyewe, kwenye treni, tukipelekwa kuvuna viazi." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Ila kwenye treni hazikuwa hivi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomsaidia mtu kuchagua. Kwaya ya jeshi ikiuchukua wimbo wa shambani, inauvalisha gwanda. Zipo nyimbo zinazopendeza na gwanda, tena zinapendeza kuliko zilivyokuwa kijijini. Na zipo zinazopwaya humo ndani kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Wanaoniuliza "nianze na ipi" ni wanakwaya wenzangu, hasa wa besi, ambao wakisikia dakika moja tu ya hawa jamaa wanataka waimbe vile Jumapili inayofuata. Kwa hiyo nalinganisha kwa sikio la mwanakwaya. Mwanahistoria atakuwa na yake ya kusema.

Jina moja, kwaya zaidi ya moja

Ukitafuta mtandaoni kwa jina la Red Army Choir utaletewa mbegu na makapi. Hilo ni jina la wauzaji wa nchi za magharibi. Kwaya iliyobeba sifa yenyewe ni ile ya Alexandrov, ambayo kwenye lebo huitwa Kikundi cha Nyimbo na Ngoma cha Jeshi, chenye nishani ya Bendera Nyekundu. Ilianza Moscow mwaka 1928 na watu 12 tu: waimbaji 8, wachezaji 2, mpiga bayan mmoja, yaani kodiani ya Kirusi yenye vitufe, na msimulizi mmoja. Mwanzilishi wake, Alexander Alexandrov, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Kisovieti uliopokelewa mwaka 1944. Lakini kabla ya kuvaa gwanda alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow. Ukisikiliza kwa makini, besi zake bado zinanukia ubani. Alifariki mwaka 1946 akiwa ziarani Berlin, na mwanawe Boris akaishika kwaya mpaka 1987. Karibu kila kitu kizuri utakachokikuta kwenye santuri ndefu kinatoka zama za Boris.

Kwaya ya pili inayouzwa kwa jina hilohilo ni ya askari wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiona jina la Viktor Eliseev kama kiongozi, ni hao. Wanaimba vizuri, sina ugomvi nao, ila rekodi zao nyingi ni za miaka ya karibuni, na aliyekuja kutafuta sauti ya zamani atakuwa amepotea njia. Halafu kila kanda ya kijeshi ya Umoja wa Kisovieti ilikuwa na kikundi chake, na kanda ya Kyiv nayo ilikuwa na chake. Jambo lenyewe si geni kwetu. Aliyekulia Tanzania anajua kuwa jeshi linaweza kuwa na bendi ikapendwa na raia mpaka watu wakasahau ni ya jeshi. Mwenge Jazz ya JWTZ ni ushahidi.

Na kabla hatujaendelea: "Kalinka" si wimbo wa Kiukraine. Najua mti wa kalyna ni kama alama ya taifa kwa Waukraine, na najua kila albamu huuweka mbele. Uliandikwa na Mrusi, Ivan Larionov, mwaka 1860. Ukinunua santuri kwa ajili ya "Kalinka" umenunua kitu kingine kizuri, ila sicho tunachokijadili hapa.

Za zamani kabisa, za London, na za Melodiya

Sahani za kale za shellaki, aina ya utomvu mgumu, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zina tatizo moja kubwa na raha moja kubwa. Tatizo ni muda. Sahani ya inchi 10 hubeba dakika kama tatu upande mmoja, na nyimbo za Kiukraine zina beti nyingi. Beti zinakatwa, kisa kinaishia katikati, msichana anabaki kisimani na hujui alijibu nini. Raha yake ni kwamba sauti ya mwimbaji iko karibu na sikio lako, na kwaya haijawa bado ule ukuta wa sauti uliokuja baadaye. Tafuta majina ya matenori wawili, Georgi Vinogradov na Viktor Nikitin. Nikitin ndiye aliyesimama mbele ya watu wa Berlin mnamo Agosti 1948, mji ukiwa bado magofu, akaimba "Kalinka" wakamrudisha jukwaani. Sauti yake ni nyembamba, haina mafuta, inapanda bila kusukumwa. Kwa wimbo wa mapenzi wa Kiukraine, hiyo ndiyo sauti.

Fungu la pili ni rekodi za London. Boris alikipeleka kikundi Uingereza mwaka 1956, wakarudi tena 1963, na mafundi wa EMI, kampuni ya santuri ya Uingereza, wakawarekodi. Ile albamu maarufu, ambayo baadaye ilitolewa tena kwenye CD, ina vitu vitatu vya Kiukraine vilivyochanganywa na vya Kirusi na hata vya Kiingereza, maana waliimba "Tipperary" ili kuwafurahisha wenyeji. Kwenye jalada majina yamefanywa ya Kiingereza: "Bandura" ilibaki Bandura, "Nich yaka misiachna" ikawa "Ah! Lovely Night", na kuna "Ukrainian Poem". Usafi wa sauti ni wa daraja lake. Unasikia besi zikiingia mmoja baada ya mwingine, unasikia domra, vinanda vidogo vya nyuzi vya Kirusi, zikidonoa nyuma, unamsikia mwimbaji akivuta pumzi.

Fungu la tatu ni santuri ndefu za Melodiya, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1964 ikameza viwanda vyote vya santuri vya nchi ile. Hizi ndizo nyingi, na kwa kawaida ndizo rahisi kupata. Ndizo alizokuwa nazo baba mdogo. Kwaya hapa imenona. Matarumbeta yanaingia mapema, ngoma zinaingia mapema zaidi, na kila wimbo unamalizika kama gwaride linapita mbele ya jukwaa la wakubwa. Kusema kweli nikisikiliza upande mzima nachoka. Lakini wimbo mmoja mmoja unaweza kukutoa jasho.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mtu asiyewahi kusikia chochote, nampa ya London, bila kusita. Mwenye besi nzito anayetaka mazoezi, Melodiya. Mwenye subira na masikio yaliyozoea mkwaruzo, shellaki, na yeye ndiye atakayefaidi kuliko wote.

Wimbo kwa wimbo

Hapa ndipo napenda kukaa, maana kwaya ileile inashinda wimbo huu na kushindwa ule.

Chukua "Rozpriahaite, khloptsi, koni". Mwanamume anawaambia wenzake wafungue farasi wapumzike, yeye anakwenda bustanini kuchimba kisima, na lengo lake si maji. Anajua msichana atakuja kuchota. Kiitikio chake kinahesabu: raz, dva, try. Moja, mbili, tatu. Sasa mpe askari wimbo unaohesabu hatua wenyewe, unadhani atafanya nini? Kwaya za jeshi zinauimba huu kana kwamba uliandikwa kambini. Hatua inakanyaga, matenori wanapiga mluzi, besi wanaitikia kama watu waliopanga mstari. Wapo wanaosema kijijini huimbwa taratibu zaidi, kwa uchovu wa mtu aliyetoka safari, na wana haki yao. Mimi hapa nasimama na jeshi. Gwanda limemkaa.

"Nich yaka misiachna" ni kinyume chake. Maneno ni ya mshairi Mykhailo Starytsky. Usiku una mbalamwezi na nyota, kweupe kiasi kwamba unaweza kuokota sindano, na kijana anamwita mpenzi wake aliyechoka na kazi atoke walau kwa dakika moja, wakae pamoja kichakani. Tazama jinsi picha ilivyo ndogo: sindano, dakika moja, msichana aliyechoka. Huwezi kuyasema hayo kwa midomo mia moja. Kwenye rekodi ya London Boris alilijua hilo. Tenori mmoja yuko mbele, kwaya nyuma yake imeshusha sauti mpaka imekuwa kama giza lenyewe, na kwa muda unasahau kuwa hawa ni wanajeshi. Kisha, wimbo ukikaribia kupanda, unahisi ule uzito wote nyuma ukinyanyuka kiti. Hapo mimi huogopa kidogo. Wakati mwingine wanajizuia, wakati mwingine hawajizuii, na hiyo ndiyo tofauti ya rekodi nzuri na mbaya ya wimbo huu. Ukitaka kulinganisha rekodi mbili dukani kwa haraka, nenda kwenye beti za mwisho. Kama umelazimika kupunguza sauti, rudisha santuri kwenye rafu.

"Vziav by ya banduru", ambao kwenye majalada huitwa kwa kifupi "Bandura", una kichekesho ndani yake. Mwimbaji anasema angeichukua bandura akapiga anachokijua, kwamba kwa ajili ya hiyo bandura amekuwa mpiga bandura, na yote hayo ni kwa sababu ya macho ya msichana. Bandura ni chombo cha nyuzi nyingi, hamsini na zaidi kwenye zile kubwa, kinachopakatwa kifuani kama mtoto. Kwenye kwaya ya Alexandrov hakuna bandura hata moja. Zipo domra, balalaika na bayan, vyombo vya Kirusi, vikijitahidi kudonoa mahali pa bandura. Linavutia, silikatai, na kama hujawahi kusikia bandura yenyewe hutajua umekosa nini. Ndiyo sababu baada ya rekodi hii namsukuma mtu upande wa pili, ambao nitaufikia sasa hivi.

"Ukrainian Poem" niuweke pembeni. Si wimbo wa asili. Ni utungo wa Alexandrov mzee wa wakati wa vita, unaoanza kwa huzuni ya nchi iliyovamiwa na Wajerumani na kuishia kwa mbio za farasi. Wauzaji huuhesabu kwenye nyimbo za kienyeji kwa sababu ya jina lake. Kama kazi ya kwaya ya wanaume, ni somo: namna ya kupandisha sauti kwa dakika kadhaa bila kumaliza akiba. Walimu wa kwaya wausikie. Lakini usimwambie mtu kuwa hivi ndivyo Waukraine wanavyoimba mashambani.

Upande wa pili wa rafu

Kundi la kwanza la kulinganisha nalo ni kwaya ya wapiga bandura ya Detroit, nchini Marekani. Hawa si jeshi. Asili yao ni kwaya za wapiga bandura za Kyiv na Poltava, zilizounganishwa kuwa moja mwaka 1935. Wakati wa vita walikusanyika upya Kyiv chini ya utawala wa Wajerumani, wakapelekwa Ujerumani kuwaimbia vibarua, vita vilipoisha wakakataa kurudi, na mwaka 1949 wakahamia Detroit. Kiongozi wao, Hryhory Kytasty, alikuwa mtunzi mwenyewe. Sikiliza wakiimba "Zakuvala ta syva zozulia", kuhusu wafungwa wa Kikozaki, wapiganaji wa Ukraine ya zamani, wanaolia ugenini huku kekeo akiwika alfajiri. Utungo huo wa Petro Nishchynsky wa mwaka 1875 ni kipimo cha kila kwaya ya wanaume ya Kiukraine. Kwa kwaya ya jeshi, ufungwa ni habari ya mababu. Kwa hawa wa Detroit ulikuwa habari ya juzi.

Sauti zao si safi kama za Moscow. Matenori wa juu wanakazana, rekodi za mwanzo zina chumba kidogo na kipaza sauti kimoja, na mtu wa besi atasema Warusi wana besi zaidi. Kweli. Ila pale mpiga bandura anapoimba kuhusu bandura, mkono wake uko juu yake.

Wapo pia Makozaki wa Don wa Serge Jaroff. Hawa walikuwa askari kweli, ila wa jeshi lililoshindwa na Jeshi Jekundu. Kwaya ilianzia kambi ya wakimbizi ya Çilingir karibu na Istanbul mwaka 1921, na mwaka 1923 walikuwa tayari wanaimba Vienna. Hawana ala yoyote, koo tu, na matenori wanaopanda mpaka unadhani ni wanawake. Utakutana na za Kiukraine humo katikati ya za Kirusi na za kanisa. Ni sarakasi ya koo. Inafurahisha kwa dozi ndogo.

Mwisho kuna kwaya ya Veryovka, ya raia, iliyoanzishwa mwaka 1943 huko Kharkiv. Ina wanawake, na hilo peke yake linageuza mambo, maana nyingi ya nyimbo hizi ni za wanawake tangu mwanzo. Wanaimba kwa koo lililofunguka, sauti nyeupe isiyopambwa, inayokwenda mbali kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Hiyo nayo ilikuwa kwaya ya serikali, na mavazi yake ya jukwaani ni gwanda la aina yake. Lakini nilipompigia baba mdogo rekodi yao, alisema, "Sasa unakaribia treni."

Kipimo cha sikio

Kuna jaribio la haraka ambalo halihitaji kujua lugha. Kiukraine kina H mahali ambapo Kirusi kina G. Mlima ni hora kwa Mukraine, gora kwa Mrusi. Msichana wa nyimbo nyingi anaitwa Halya, na Mrusi atamwita Galya. Pia Mrusi akikutana na O isiyo na mkazo anaigeuza A, kwa hiyo kozak anakuwa kazak. Chukulia mtu akiimba wimbo wa Kiswahili akawa anasema "gabari za asubugi". Maana utaipata, ila utajua hakulelewa hapa.

Kwenye rekodi za jeshi utasikia mchanganyiko: mwimbaji wa mbele anatamka H yake sawasawa, kwaya nyuma yake inateleza kwenye G. Hali hiyo hainizuii kupenda rekodi. Inanisaidia kujua nani alifanya mazoezi ya maneno na nani alifanya ya noti tu. Mwanakwaya anayetaka kujifunza maneno kwa kusikiliza asitumie santuri ya jeshi kama mwalimu. Ajifunze kwa Veryovka au kwa wa Detroit, kisha arudi jeshini kuchukua nguvu.

Kisichokuwa kwenye santuri

Mwaka 1937 kikundi cha Alexandrov kilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya Paris, kikatwaa tuzo kuu. Mwaka 1938, huko Kharkiv, dola ileile ilimpiga risasi Hnat Khotkevych, mtu aliyeandika kitabu cha kufundishia bandura na kuijenga upya kama chombo cha jukwaani. Hakuwa peke yake, wapiga bandura wengi waliteswa miaka ile. Ukilijua hilo, ile "Bandura" ya London yenye kwaya nzuri na isiyo na bandura inakaa vibaya sikioni, walau mara ya kwanza. Kwangu imekaa vibaya mara nyingi, na bado naisikiliza.

Usitafute pia "Oi u luzi chervona kalyna" kwenye santuri za Kisovieti. Ni wimbo wa wapiganaji wa Kiukraine wa Vita Kuu ya Kwanza, na zama za Usovieti ulipigwa marufuku. Mwishoni mwa Februari 2022 mwanamuziki Andriy Khlyvnyuk aliuimba katikati ya Kyiv, kwenye uwanja wa Sofia, akiwa na gwanda na bunduki, bila ala, bila kwaya. Ukitaka kujua wimbo wa Kiukraine unasikikaje ukivalishwa gwanda na mwenyewe, ndio huo. Hauchukui hata dakika moja na nusu.

Kwa sababu hiyohiyo, kama unamnunulia zawadi rafiki wa Kiukraine, santuri ya jeshi la Kisovieti iache dukani. Najua kisa cha mtu aliyeipeleka kwa nia njema kabisa, nyimbo za kwao, jalada zuri, na wenyeji wake wakamshukuru kwa adabu kisha wakaiweka kifudifudi mezani. Mpelekee ya Detroit.

Kuhusu kikundi chenyewe cha leo, hakiingii kwenye ulinganisho huu. Desemba 25, 2016 ndege ya jeshi la Urusi ilianguka baharini karibu na Sochi ikielekea Syria. Watu 92 walikufa, 64 kati yao wa kikundi hicho, pamoja na mkuu wao Valery Khalilov. Waliopo ni kwaya iliyojengwa upya.

Ukiwa na santuri mkononi

Soma jina la jeshi kwanza. Ikiwa lebo inasema Красной Армии, Jeshi Jekundu, rekodi ni ya kabla au karibu na 1946, mwaka ambao jeshi lilibadilishwa jina. Ikiwa inasema Советской Армии, ni baada ya hapo. Wauzaji wa mtandaoni hutaja miaka wanayoitaka wao, lebo haiwezi kuwadanganyia.

Kisha tafuta neno ГОСТ, yaani kiwango cha serikali, likifuatiwa na 5289 na mstari mdogo na tarakimu mbili. Hizo mbili ndizo mwaka wa kiwango: 56, 61, 68, 73, 80. Santuri yenye 5289-61 ilikandamizwa kati ya mwanzo wa miaka ya sitini na kiwango kilichofuata. Kumbuka ni mwaka wa kukandamiza, si wa kuimba. Wimbo wa mwaka 1950 unaweza kukaa kwenye santuri ya 1975. Herufi Д kwenye namba ya santuri ya zamani ni ya sauti ya njia moja, С ni ya stereo, na mara nyingine stereo hiyo imetengenezwa kiwandani kutoka kwenye rekodi ya njia moja, ikatoka kama inaimbwa ndani ya pipa. Kwa rekodi za kabla ya 1960 chukua Д daima. Jina la kiwanda nalo huandikwa pembeni: Aprelevka, Leningrad, Riga, Tashkent, Tbilisi. Nimeshika za Aprelevka na Riga, na za Riga zilikuwa kimya zaidi chini ya sindano, ingawa santuri tano sita si ushahidi.

Za shellaki zina sharti lake. Zinahitaji sindano nene, takriban mara tatu ya ile ya santuri ndefu, maana mfereji wake ni mpana. Ukiweka sindano ya kawaida itaburuzika chini kabisa ya mfereji, mahali penye uchafu wa miaka themanini, na utadhani kwaya inakaangwa. Gramafoni nyingi za kisasa za bei ya chini zina swichi ya 78 lakini hazina sindano yake, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Na usizioshe kwa spiriti. Shellaki inayeyuka humo. Maji ya uvuguvugu kidogo, kitambaa laini, lebo isiguswe.

Ya baba mdogo, ile ya vikombe kugongana, ina 5289-68 na jina la Aprelevka. Niligeuza jalada juzi nikakuta amepiga tiki kwa kalamu ya risasi kando ya wimbo mmoja tu upande wa pili, "Nich yaka misiachna", na hapo ndipo mfereji umechakaa kuliko kwingine kote.